Homa ya Meza

Nilimsikia Nyandeng kabla sijamwona. Tulikuwa tumemaliza kumzika Sista Selina pale kwake Lodwar, watu wamerudi kukaa chini ya hema, sufuria za wali na nyama ya mbuzi zinafunuliwa, na nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa akiongea polepole mno, neno moja, kimya, kisha neno jingine. Mtu alikuwa amemuuliza walijuana wapi na marehemu. "Ilinishika... homa," akasema. "Kakuma. Malaria. Ikachukua... ulimi. Sista akanirudisha." Waliokaa naye wakaguna kwa huruma. Mimi niliacha kula. Nimepita miaka hamsini, nimekuwa muuguzi karibu maisha yangu yote ya ukubwani, nimefunga macho ya watu wengi, na bado nilitaka kuinuka nitoke ndani ya hema lile nitembee juani mpaka kwangu bila kugeuka. Haikuwa homa. Duniani tulikuwa wawili tu tuliojua kisa chote, na mwenzangu ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nikachukuliwa kujifunza kazi ya msaidizi wa muuguzi katika dispensari ndogo ya Lodwar ambayo siku hizi haipo. Sista Selina ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Tulimwita Sista kama wauguzi wote wanavyoitwa. Utawa hakuwa nao hata kidogo, alikuwa amemfukuza mume mmoja na analea watoto watano. Alikuwa mfupi, ana miguu ya mtu wa kutembea mbali, na chini ya kola ya gwanda lake jeupe alificha mstari mmoja wa shanga. Siku ya kwanza hakunipeleka kwa wagonjwa. Alinipeleka stoo, palipokuwa na mtungi wa udongo uliojazwa mchanga mbichi, na katika mchanga ule vimesimikwa vipimajoto sita vya kioo, kila kimoja na uzi wake. Nikadhani ni mambo ya uganga. Akachomoa kimoja, akakilaza juu ya meza, akaniambia nikae nikitazame. Ilikuwa saa saba mchana. Zebaki ikaanza kupanda. Ikapita thelathini na saba, ikapita thelathini na nane, ikafika thelathini na tisa, na hapakuwa na mtu aliyekigusa. "Umeona?" Sista akasema. "Hii meza ni mgonjwa. Tumpe klorokwini?" Akacheka peke yake mpaka akajifuta macho, kwa maana mzaha huo alikuwa ameshawafanyia wanafunzi wengi kabla yangu.

Kipimajoto cha aina ile kikishapanda hakishuki chenyewe, ni mpaka ukikung'ute kwa nguvu za kifundo cha mkono. Na Lodwar mchana hewa huwa na joto kuliko damu ya mtu. Ukikiacha nje, kila utakayempima atakuwa na homa, hata aliyekuja kusindikiza mgonjwa. Hiyo ndiyo Sista aliyoiita homa ya meza. Kwa hiyo tulikitoa mchangani, tukakikung'uta, tukakitia kwapani, tukakisoma kikiwa bado pale pale kwapani, shingo zimepinda, kwa sababu ukikichomoa tu na kukiinua kwenye mwanga, hewa inakisukuma juu kabla hujaona nambari. Nilikuwa nikikisoma, nakirudisha, nakisoma tena. Siku moja nikiwa nje ya ukuta naosha beseni nilimsikia Sista akimwambia mwenzake, "Huyu Asinyen anaogopa mpaka kivuli yake. Lakini mwoga ni mzuri kwa hii kazi. Anapima mara mbili." Nilifurahi, nikaosha lile beseni mara mbili pia.

Jambo lililonitia hofu ya kweli ni karatasi ya sukari. Nilimuuliza Sista kwa nini watu wa Turkana hawatoki jasho, nikitaka kuonekana nimefikiri. Akanitazama kwa huruma. Akachukua kipande cha karatasi ya plastiki, ile nyeupe inayoonyesha ndani, iliyokuwa ya sukari, akakilaza juu ya mkono wangu uliokuwa mkavu kabisa, akakibana pembeni kwa vidole. Haikupita dakika nyingi, chini ya plastiki pakaota ukungu, kisha matone. "Hiyo yote ni jasho yako," akasema. "Huku kwetu inakauka kabla wewe haijaona. Hewa ikikushinda joto, joto yako haina njia ingine ya kutoka. Ni hiyo jasho tu. Ni mlango moja imebaki. Ikifungwa, hata ukae kwa kivuli, unaiva." Alilisema neno hilo la mwisho kama mtu anayezungumza habari za viazi. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Tangu siku ile nikawa naogopa mchana kama wengine wanavyoogopa giza. Saa sita ikifika, watu wakijinyoosha kivulini, mimi najibandika karatasi mkononi kwa siri nitazame kama mlango wangu uko wazi. Nilikuwa naona ukungu, napumua, halafu baada ya muda natazama tena.

Baada ya miezi mitano Sista akahamishiwa kliniki moja ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akanichukua. Huko nilipangiwa chumba kimoja na Nyandeng. Alikuwa Mdinka, amenizidi mwaka mmoja au miwili, amefika kambini kwa miguu kutoka Sudan, na habari za safari hiyo hakuzisema nami sikuziuliza. Alikuwa mrefu hata mlango wa chumba chetu aliuingia kwa kuinama, na alikuwa na ulimi ambao sijapata kuuona tena. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Mgonjwa alianza maneno kwa Kidinka, na kabla hajafunga mdomo Nyandeng ameshayatoa kwa Kiswahili kwangu na kwa Kiingereza kwa daktari, huku akimkaripia mtoto wa mtu kwa Kiarabu cha Juba ashuke juu ya benchi. Kiswahili chake alikiokota kambini, hakikuwa na sarufi lakini kilikuwa na mbio. Chumba chetu kilikuwa cha mabati, kuta mabati, paa mabati, na jua lilipopanda yalianza kulia tak, tak, yakijinyoosha. Palikuwa na vitanda viwili vya kamba, meza iliyopigiliwa kwa mbao za kasha, jiko la mafuta ya taa, na blanketi moja la kijivu ambalo hatukuwa na haja nalo tukalitumia kukalia. Mchana tulikula uji mzito wa mtama na dengu za rashoni, ule mgao wa wakimbizi, na Sista alipopata samaki wakavu kutoka Kalokol, kule ziwani, alitupa wawili, Nyandeng akawapika na bamia zilizokaushwa, mchuzi ukawa wa kuteleza. Nilikuwa namla yule samaki polepole nikitafuta miiba. "Asi," alinitania, "wewe unaogopa samaki na amekufa zamani. Mimi nakula yeye, na miiba yake, na jina lake." Nilimpenda. Sikuwa nimewahi kuwa na rafiki anayecheka woga wangu bila kunidharau.

Homa yake ya kwanza, ile ya kweli, ilikuja mchana mmoja tukiwa tumerudi kula. Aliacha kijiko, akasema, "Asi, mimi nasikia baridi mingi." Chumbani mlikuwa na joto la kufanya mafuta ya kupaka yawe maji. Nikacheka. Kisha nikaona meno yake yanagongana. Alijikunja kitandani, akavuta lile blanketi la kijivu, kitanda chote kikawa kinatetemeka hata kamba zinalia. Nilipomgusa kifua kilikuwa cha moto, na mimi kichwani nina neno moja tu, unaiva, unaiva. Nikamvua blanketi, nikachukua jerikeni nikaanza kummwagia maji. Akapiga kelele. Kutetemeka kukazidi mpaka nikaogopa atajing'ata ulimi. Nikamkimbilia Sista, naye akaja kwa hatua zake zile zile za kila siku, akaninyang'anya jerikeni. "Gusa mguu," akasema. Nikagusa. Miguu ya Nyandeng ilikuwa baridi, mchana ule, kama imetoka kisimani. "Damu imetoka kwa ngozi, imekimbia ndani," Sista akasema. "Mwili hataki joto ipotee. Homa ni mwenye nyumba amewasha jiko yake mwenyewe. Amesikia mwizi ndani, ameamua nyumba iwe moto. Kabla haijafika pale ametaka, atasikia baridi tu. Sasa wewe unamwaga maji, yeye anaongeza kuni." Akamkausha, akamfunika, akampa dawa, tukakaa. Baada ya saa moja kutetemeka kukaisha. Miguu ikapata joto. "Sasa funua," Sista akasema, "blanketi ni ya wakati ya baridi peke yake," na kufika jioni Nyandeng alikuwa amelowa jasho kiasi kwamba hata hewa ya Kakuma haikuwahi kulikausha, anaomba chai yenye sukari nyingi. Niliona aibu kwa ile jerikeni. Niliapa kwamba sitamwagia tena maji mtu anayetetemeka, na kiapo hicho nilikishika vizuri kuliko nilivyopaswa.

Yaliyofuata yalikuwa baada ya wiki tatu hivi, siku ya rashoni. Nyandeng alikuwa bado hajarudia nguvu zake, lakini kadi ilikuwa ya jina lake na alitaka kwenda mwenyewe. Aliondoka asubuhi, akasimama kwenye foleni ndani ya ule uzio usio na kivuli mpaka saa sita. Nilikuwa chumbani napasha dengu aliporudi. Alikosea mlango kwanza, akagonga bega kwenye bati, kisha akaketi kitandani bila kuweka chini mfuko wa unga. Nikamuuliza kama amepata mafuta. Akanijibu kwa Kidinka. Nikamwambia mimi si Mdinka. Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, akasema kwa Kiswahili, "Ng'ombe zimeingia kwa nyumba," akalala. Mikono yake ilikuwa inarukaruka. Nikajisemea, homa imerudi, anaanza kutetemeka. Juu ya meza palikuwa na kipimajoto cha kliniki nilichokuja nacho siku iliyotangulia nikasahau kukirudisha mchangani. Nilikitia kwapani bila kukikung'uta. Nikakisoma: arobaini na moja. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti, "Homa ya meza," nikakikung'uta. Nikakirudisha, nikahesabu haraka haraka kwa sababu kliniki walikuwa wananingoja, nikasoma tena. Ilikuwa karibu arobaini na moja, pale pale. Nilipima mara mbili kama Sista alivyonisifu, na mara zote mbili sikuamini. Nilikuwa nimeshafundishwa kwamba kioo kile mchana ni mwongo. Katika daftari letu la wagonjwa, nililokuwa nimetoka nalo kliniki, niliandika thelathini na nane, nambari niliyoona inafaa. Kisha nikamfunika na blanketi la kijivu, nikalichomeka pande zote, maana anatetemeka, na anayetetemeka hamwagiwi maji, hufunikwa. Miguu yake sikuigusa. Nikala dengu zangu nimesimama, nikafunga mlango ili vumbi lisiingie, nikarudi kazini.

Nimeusimulia moyo wangu muda ule wa saa moja na nusu mara nyingi sana. Nilikuwa najaza vikopo vya dawa, nikasikia wanawake wawili kwenye benchi wakisema kwamba kule kwenye rashoni watu wameanguka leo, mzee mmoja na msichana, jua limewapiga. Mmoja akasema msichana aliinuka akaenda zake. Mwingine akauliza ni nani. "Yule mrefu wa hapa hapa, wa kutafsiri." Sikuacha kila kitu nikakimbia kama ilivyopasa. Nilimaliza kwanza kikopo nilichokuwa nacho mkononi, nikakifunika, nikakiweka sawa na vingine, kwa sababu sehemu moja yangu ilikuwa imeshajua na haikutaka kufika. Kisha nikakimbia. Nilipofungua mlango, joto la chumba lilinipiga usoni. Nyandeng alikuwa ametulia. Mikono hairuki tena, macho nusu wazi, pumzi fupi fupi za juu juu. Nilivuta blanketi, na ndani yake palikuwa pakavu, pa moto, kama unapotoa kitambaa juu ya chapati. Niligusa miguu yake. Miguu ilikuwa ya moto. Alikuwa wa moto mwili wote, sawasawa, utosini hadi nyayoni, na ngozi kavu kama karatasi. Nilipapasa mfukoni nikapata kile kipande changu cha plastiki nilichokuwa najipimia kwa siri. Nikakilaza tumboni mwake, nikakibana pembeni, nikakodoa macho. Nilingoja. Hapakuota ukungu. Plastiki ilikaa kavu, nikauona wazi kupitia kwake ule mstari wa kovu alilokuwa nalo karibu na kitovu, na nilianza kulia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Waliokuja kwanza ni majirani, wanawake wa Kidinka, na Sista nyuma yao akipiga mbio, mara ya pekee niliyomwona akipiga mbio maishani. Aliona blanketi sakafuni. Aliliona, akaniona mimi, akatazama ile plastiki. Akamshika Nyandeng mabegani, na mwanamke mmoja miguuni, wakamtoa nje upande wa kivuli cha ukuta. "Maji!" akasema. Nikamwambia maji yote yamekaa juani, ni ya moto. Nilikuwa nasimama tu, mikono kichwani. "Hata ya moto, mwaga!" akanifokea. "Mwaga na upepee! Upepo ndiyo baridi!" Wale wanawake wakaleta jerikeni zao, maji waliyoyapangia foleni tangu alfajiri, wakammwagia Nyandeng yote, kichwani, kifuani, mapajani, huku tukimpepea kwa mifuniko ya sufuria na vipande vya makasha. Yalikauka upesi kuliko tulivyoyamwaga. Tukamwaga tena. Mmoja wao aliimba kitu cha kanisani kwa sauti ya chini bila kuacha kupepea. Mkono ulinifa ganzi nikabadilisha mkono, na kila mara nilipomtazama usoni niliogopa kwamba pumzi iliyotoka ndiyo ya mwisho. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba kivuli cha ukuta kilikuwa kimetufikia magotini tulipoanza, na kilikuwa kimetupita kabisa Sista alipoweka kiganja juu ya tumbo lake akasema, "Inashuka." Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimejifunza nusu ya kila kitu. Homa ni mwenye nyumba kuwasha jiko. Hii haikuwa jiko. Nyumba ilikuwa inaungua, na mimi nilikuwa nimefunga madirisha.

Hakufa. Alizinduka siku ya tatu. Kesho yake daktari wa kliniki alikuja kuandika habari zake kwenye faili, na mimi nilikuwa nje ya ukuta, mahali pangu pa kusikia mambo. "Damu tulipima, haina malaria," daktari akasema. "Na hapa kwa daftari imeandikwa thelathini na nane saa sita. Inawezekanaje?" Sista akalifunga lile daftari. "Alikuwa na malaria mwezi huu," akasema. "Imerudi, imepanda kichwa. Andika malaria." Kalamu ikaandika. Nilijua anafanya nini. Nilikuwa msichana wa Turkana wa pekee aliyekuwa amepata nafasi ile, na neno moja lingenirudisha nyumbani. Nilipaswa kuingia pale ndani nikasema. Niliketi chini nikashikilia magoti yangu. Sista alipotoka alinipita bila kushangaa kuniona, akasema tu, "Kipimajoto zote zirudi kwa mchanga."

Ulimi wa Nyandeng haukurudi. Joto lilikuwa limekula kitu kichwani, daktari alisema, mahali panapopanga miguu na mdomo. Maneno alikuwa nayo yote, ya lugha zote nne, lakini kila moja lilichelewa njiani, na alipotembea alipanua miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Wiki chache baadaye kliniki ikachukua mkalimani mwingine. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikamwosha, nikamsuka nywele, nikawa dada mwema kupita kiasi, na kila mara alipojaribu kuongea nilishikwa na hofu kwamba sentensi ile inayochukua muda mrefu hivyo kutoka ndiyo yenyewe, kwamba atasema, Asi, blanketi. Hakusema. Siku ile haikuwamo kichwani mwake. "Homa... imekula ulimi," alikuwa akiwaambia wageni, akijaribu kucheka. "Imeacha... miiba." Nami nilitikisa kichwa kukubali. Mwaka ulipoisha niliomba uhamisho nirudi Lodwar. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa saa chache tu kwa gari. Sikuwahi kwenda tena, na kila nilipopangiwa huko nilipata udhuru. Sista alipostaafu nilikuwa nikimtembelea na majani ya chai, na mara moja tu aliligusa jambo lile. "Mimi nilikuficha kwa daktari," akasema. "Kwa Nyandeng sikukuficha. Hiyo nilikuachia wewe." Nikasema nitakwenda. Alipokufa nilikuwa bado nasema hivyo.

Kwa hiyo pale chini ya hema niliinuka, sahani mkononi, nikaenda nikakaa mbele yake. Alikuwa amenenepa, ana mvi, fimbo imeegemezwa gotini. Alinitazama mpaka uso wake ukafunguka. "Asi," akasema. "Ulipotea." Nikasema nilipotea. Akanishika mkono akawa anaupapasa, na akaanza kunieleza kwa maneno yake ya kuchelewa kwamba ana binti Kakuma, na mjukuu wa miaka mitatu, na kwamba leo alikaribia kutokuja mazikoni kwa sababu mjukuu ameamka na homa. Simu yake ikalia tukiwa hapo hapo. Nilisikia sauti ya msichana, na nyuma yake kilio cha mtoto, kile kilio cha kukatikakatika cha mtoto anayetetemeka. "Mwagia... maji," Nyandeng akasema kwenye simu. "Baridi. Mingi." Akakata, na nikaona vidole vyake vinacheza. "Mimi naogopa homa, Asi. Watoto wangu wote... homa kidogo, mimi namwaga maji. Wanalia, wanatetemeka... mimi namwaga. Sitaki ichukue... ulimi yao. Binti nimefundisha hivyo hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kwa ajili ya hasira yake, na hapo nikaona kwamba hasira ilikuwa jambo dogo. Watoto wake walikuwa wametetemeka chini ya jerikeni, mmoja baada ya mwingine, nyumba hiyo hiyo, kwa sababu mimi sikupanda gari la saa chache. Woga wangu nilikuwa nimempa yeye, naye ameurithisha. Nikaweka sahani chini. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya kipimajoto kilicholala juu ya meza, nambari niliyoisoma mara mbili nisiiamini, nambari niliyoiandika, blanketi nililolichomeka pande zote, mlango nilioufunga, na kile kikopo cha dawa nilichokimaliza kwanza. Nilimwambia kwamba damu yake ilikuwa safi, kwamba homa haikumchukua chochote. Alipoanza kusema, midomo ilifanya kazi muda mrefu kabla ya sauti. "Ile ya... kijivu," akasema. Nikasema ndiyo, ile ya kijivu. "Sista alijua?" Alijua. Akatazama mbali, upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa bado wanapanga mawe. Machozi yalimtoka, yakakauka kabla hayajafika kidevuni. Kisha akachukua simu, akabonyeza namba, akangoja, na binti alipoitika, badala ya kusema, alinishikisha mimi ile simu.

"Sema wewe," akaniambia. "Wewe una... ulimi."

Nilimuuliza yule msichana miguu ya mtoto ikoje. Akasema ni ya baridi. Nikamwambia aache maji, amkaushe, amfunike shuka nyepesi, akiacha kutetemeka aitoe, amnyweshe kidogo kidogo, na ampeleke kliniki sasa hivi wampime damu, asingoje mama yake arudi. Nikamwambia homa peke yake isimtie kiwewe, ni mwili wa mtoto unapigana. Alinisikiliza vizuri, akarudia kila neno. Sauti yake ilikuwa ya mbio, sauti niliyoijua. "Asante shangazi," akasema. "Lakini mama alituambia homa ndiyo ilimharibu. Wewe umejuaje? Wewe ni nani?" Nyandeng alikuwa amenikazia macho mdomoni, kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa zamani, akingoja maneno yatoke ili ayahakikishe. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na nilijua ni wa baridi bila hata kuugusa.

"Mimi ni Asinyen," nikasema. "Ni mimi niliyemfunika mama yako blanketi."